Mwaka Niliokuwa Mchawi

Mwezi uliopita nilikwenda Kinyerezi kwenye harusi ya mjukuu wa Shamsa, na nilikwenda kwa shingo upande, maana harusi za siku hizi ni spika tu, na mtu wa umri wangu anawekewa kiti cha plastiki karibu nazo kana kwamba anaadhibiwa kwa kuzeeka. Shamsa mwenyewe ndiye aliyeniokoa. Alinishika mkono akanipitisha katikati ya masufuria na watoto mpaka chumbani kwake, tukakaa kitandani, tukawa tunatazamana na kuchekana mikunjo. Tulikuwa hatujaonana tangu ujana, maana yeye aliolewa Tanga akazalia huko, na amerudi Dar juzijuzi tu kulelewa na wanawe. Mjukuu wake mwingine, binti wa sekondari, alikuwa amejilaza mkekani na simu yake, anafoka peke yake. Alikuwa anacheza mchezo wa ngome na mazimwi, na mchawi wake alikuwa anakufa kila akifika mlangoni. "Bibi, huyu mchawi mbovu," alilalamika. "Akiguswa tu, kafa." Nikamuuliza, huyo mchawi wako anatembea wa ngapi? Akasema wa kwanza. Mimi na Shamsa tukatazamana. "Mchawi hatangulii, mwanangu," nikamwambia. "Muweke nyuma ya mwenye ngao, na dawa zake asizimalize mlangoni." Mtoto alinitazama kama vile kabati limesema. Shamsa alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikakatika. Akaushika tena mkono wangu, akasema, "Siwema, Damiani kafariki. Huko kwao Newala. Kassim ndiye aliyenipigia simu."

Sikulia. Nilimuuliza alikuwa anaumwa nini, kama watu wanavyouliza, akanijibu, na jibu lenyewe sikulisikia. Nilikuwa nimesharudi Temeke, kwenye ile nyumba ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, na ukumbi mrefu katikati unaotoka mlango wa mbele mpaka uani. Chumba cha mbele upande wa kulia kilikuwa duka la Mzee Saidi, baba yake Shamsa, Mwarabu aliyezaliwa Temeke na aliyekiri mwenyewe kwamba Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia tu. Ulikuwa mwaka wa unga wa njano wa msaada. Mikoani watu walikuwa wanahamishiwa vijiji vipya, mjini tulikuwa tunapanga foleni, na rafu za Mzee Saidi zilikuwa zimejaa majani ya chai na viberiti, vitu viwili ambavyo havikuwahi kumshibisha mtu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nashona sare za shule kwenye ushirika wa akina mama, mchana kutwa kola na mifuko, na jioni narudi chumbani kwa Shangazi Mwanahawa, ambaye alikuwa akinipenda sana na akilificha jambo hilo kwa bidii.

Mchezo ulikuwa wa Shamsa. Baba yake hakumruhusu kwenda sinema, wala ngomani, wala popote ambapo sauti ya baba haifiki, basi yeye akaamua kuileta dunia ukumbini. Alichukua hadithi za bibi yake, zile za ngome yenye malango saba na jini aliyelala chumba cha mwisho juu ya mali ya watu, akazitia kanuni. Kila mchezaji alikuwa mtu ndani ya hadithi. Shamsa alisimulia mnachokiona, nanyi mnasema mnafanya nini, kisha mnarusha kete za simbi mkekani. Zikianguka vizuri mmefanikiwa, zikianguka vibaya shauri yenu. Ulikuwa mchezo mgumu, na ugumu wake ndio uliotufanya tuupende. Mkiuawa lango la nne, mnarudi la kwanza, na hakuna kubembelezana. Walikuwa wameanza kucheza kabla sijahamia pale, kila Jumapili baada ya alasiri, na hawakuwahi kuvuka lango la sita.

Kassim alikuwa kuli bandarini, mtu wa Lindi mwenye mabega ya mlango na sauti ya mnadani, naye alikuwa shujaa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia awe kitu kingine. Damiani alikuwa mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala, mwembamba, mpole, mwenye vumbi la mpingo kwenye kope. Yeye ndiye aliyekuwa mchawi kabla yangu. Alikamatwa lango la sita, na kanuni ya Shamsa ilisema mchawi aliyekamatwa pale harudii uchawi, basi akawa mpelelezi, na nafasi ya mchawi ikabaki wazi. Jumapili moja nilikuwa napita ukumbini na ndoo, Shamsa akaniambia nikae. Niliposikia nafasi yenyewe ni ipi nilitaka kuondoka. "Mie niwe mchawi? Shangazi akisikia?" Kassim akapendekeza niitwe mganga. Shamsa akakataa kabisa. "Mganga anangoja wagonjwa. Mie nataka mtu wa kwenda vitani." Na kutoka dukani, nyuma ya mlango uliokuwa nusu wazi, Mzee Saidi akapaza sauti huku anapima chumvi ya mtu: "Kaa mwanangu! Uchawi wa mkekani hauna dhambi!" Nikakaa.

Niliwapa hasara siku hiyohiyo. Mchawi alikuwa anapewa komwe za bao, kila komwe ni dawa moja, na ukiisema dawa unairudisha komwe kwa Shamsa na hupewi nyingine mpaka lango linalofuata. Lango la kwanza lilikuwa na mbwa. Mbwa tu, wa kawaida, amefungwa. Mimi nikatangulia mbele ya Kassim, nikamrushia yule mbwa moto, simbi zikaanguka vibaya. Nikamrushia radi, zikaanguka vibaya. Nikamtia kiwi cha macho, akapofuka lakini akaning'ata. Tulipofika lango la pili nilikuwa mikono mitupu na damu inanitoka, na mlinzi wa pale akanipiga kofi moja nikafa. Kassim alishika kichwa. "Dawa zote kwa mbwa! Mbwa mwenyewe kafungwa!" Damiani alikusanya simbi taratibu, akanipa mkononi, akasema, "Kesho jioni pita pale kibarazani ninapochongea. Nitakufunza."

Nikiyafikiria sasa, naona mafunzo yale ndiyo yaliyokuwa mwaka wangu wote. Nilikuwa natoka ushirika vidole vimetobolewa na sindano, napita kibaraza cha ubavuni ambako Damiani alikaa na tezo lake, miguu imekishika kipande cha mpingo, na ninakaa juu ya gunia la vinyago ambavyo havijakwisha. Alifundisha bila kuinua macho. Mchawi hatangulii, alisema. Kaa nyuma ya Kassim, kwa sababu Kassim akipigwa anatukana tu, wewe ukipigwa tunakuzika. Usitumie dawa mahali ambapo ngumi inatosha, wala usitumie ngumi mahali ambapo hodi inatosha. Kila mgeni anapenda moto kwa kuwa moto unaonekana, lakini dawa ya kulaza ni bora, maana adui aliyelala hahitaji kuuawa na wenzake hawasikii. Na kabla ya kusema dawa hakikisha kuna mtu wa kukukinga, kwa sababu maneno ya dawa yakikatwa katikati dawa imepotea. "Mchawi ni mtu wa kutegemea wenzake," alisema siku moja, akipuliza vumbi. "Watu wanadhani ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Hapana. Ndiye anayehitaji watu kuliko wote." Nilikuwa nasikiliza yote hayo, na nilikuwa natazama mikono yake.

Jumapili zetu zilianza kusikika mtaani. Mtu aliyepita dirishani alisikia Kassim anasema tuwavamie walinzi, Shamsa anauliza silaha tunazo ngapi, na mimi naambiwa niloge. Akapeleka habari kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi wetu alikuwa Mzee Pazi, mtu mfupi mwenye kofia ya mkeka na kalamu mfukoni, na aliingia katikati ya lango la tatu bila kuvua viatu. Sote tulisimama tukamwamkia. "Marahaba. Nimeambiwa hapa kuna kikao," alisema. "Ngome gani hiyo mnayotaka kuivamia, ndugu zangu?" Shamsa alimweleza lango kwa lango. Mzee Pazi akaomba kigoda. Akakaa, akasikiliza lango zima la tatu, mikono magotini. Tulipomaliza akakohoa, akauliza, "Sasa mkimshinda huyo jini, mali yake mnagawanaje?" Kassim akajibu kwamba kila mtu atachukua alichokishika. Mzee Pazi alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Hapo ndipo mnapokosea. Mali ya jini ilikuwa ya wananchi. Irudi kwa wananchi." Ikabidi Shamsa aongeze kanuni pale pale, na tangu siku hiyo tulikuwa tunapigania kijiji kizima kilichoko chini ya ngome, kwa maagizo ya balozi. Kassim alinuna mpaka kahawa ilipokuja.

Kahawa yenyewe ililetwa na mama yake Shamsa kwa sinia, na sukari ilipokuwepo kulikuwa na visheti, ilipokosekana tulipewa tende moja moja. Damiani alikuwa ananipa yake. Hakunipa kwa kunitazama, aliiacha tu ukingoni mwa mkeka upande wangu, kama vile imebingirika yenyewe. Shangazi aliona, kwa sababu Shangazi alikuwa anaona hata akiwa amefumba macho. Alasiri moja nikiwa nimejilaza nyuma ya pazia nilimsikia anazungumza na Bi Mwanaidi, mpangaji wa chumba cha mwisho, mwanamke mzee aliyekuwa kungwi wa mtaa mzima. "Kijana mwenyewe mkono wake una kazi," alisema Shangazi. "Lakini Mkristo." Bi Mwanaidi akamjibu kwamba wangapi wamesilimu. "Na asiposilimu?" "Basi utamfanyaje, utampika? Subiri aseme kwanza. Hajasema, nyie mnamkatia kanzu." Nilibana pumzi chini ya shuka. Na mimi nilikuwa nasubiri aseme. Nilikuwa nimeshaamua, bila kumwambia mtu, kwamba akisema nitakwenda naye popote, na Shangazi atalia, na kisha atazoea.

Kisha habari zikaja kutoka kwao. Wazee wake walikuwa wanahamishiwa kijiji kipya, nyumba ya zamani imeachwa, mpya haina mtu wa kuijenga. Alitakiwa aende kabla masika hayajaifunga barabara pale Rufiji, maana ikifungwa hakuna lori la kusini mpaka mvua zikatike. Aliniambia kibarazani, na kwa mara ya kwanza aliliweka tezo chini. "Nitaondoka wiki baada ya hii. Nimewaambia tucheze kwanza Jumapili, tulivuke lile lango." Akachokoa mpingo kwa ukucha. "Na nina neno langu nataka kukwambia, Siwema. Ila si hapa njiani. Jumapili tukitoka langoni nitasema." Nikamwambia sawa. Nilirudi chumbani nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, na kitanda kiko hatua mbili tu.

Sasa lazima nieleze lango lenyewe, maana kila kitu kilikwama hapo. Lile la sita liliitwa Lango la Sauti. Halikuwa na mlinzi wala mbwa, lilikuwa njia ya giza tu, na ndani yake unaitwa jina lako. Sisi wa pwani tumekuzwa na jambo hilo: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Shamsa aliichukua desturi hiyo akaitia makali. Mchawi ndiye anayeitwa, akiitika amekamatwa, na akiifuata sauti vilevile amekamatwa. Damiani aliitikia sauti ya mama yake. Mimi, tulipofika pale kwa mara ya kwanza, Jumapili iliyotangulia mazungumzo yale ya kibarazani, nilijikaza. Shamsa aliniita kwa sauti ya bibi kizee, nikakaa kimya. Akaniita kwa sauti ya mtoto analia, kimya. Kassim alikuwa ananipigia makofi ya hewani. Basi Shamsa akaguna, akasema amechoka, akanyanyuka akaenda uani kuangalia kahawa. Baada ya muda tukamsikia kutoka jikoni: "Siwema! Njoo unipokee sinia!" Nami, mtoto wa kike niliyefunzwa, niliyepigwa kwenzi nikiitwa nisiitike, nikapaza sauti: "Abee!"

Alirudi mikono mitupu, anacheka. Kassim aliruka juu. "Haihesabiwi! Ulishatoka mchezoni, ulikwenda jikoni!" Shamsa akakaa, akapanga kanga yake, akasema kwa utulivu, "Lango la Sauti halina nje." Zogo likawa kubwa mpaka Mzee Saidi akaacha wateja akaja kuamua. Alisikiliza pande zote akauma mdomo, kisha akasema mgeni husamehewa kosa la kwanza, na kwamba nirudishiwe maisha, lakini kwa sharti. Sharti akalitoa Shamsa. Tutakuwa langoni wiki nzima, mpaka Jumapili inayofuata. Sauti yoyote itakayoniita ndani ya nyumba ile ni sauti ya lango, awe nani, iwe saa ngapi. Mwenye shida na mimi kweli, aje anishike bega. Nikiweza kufika Jumapili bila kuitika wala kufuata, lango tumelivuka.

Sijawahi kufurahi kama nilivyofurahi wiki ile. Nyumba nzima ilinigeukia. Niliitwa na wapangaji, niliitwa na wateja wa dukani, niliitwa na Mzee Pazi aliyepita makusudi, na nilikaa kimya kama mtungi. Shangazi alikasirika. "Mtoto gani anaitwa haitiki? Mtasema nimemlea mbuzi!" Lakini naye alikuja kunishika bega, huku anasonya. Fundi wa kuniita alikuwa Damiani. Alijua kuigiza. Aliniita kwa sauti ya Shangazi, kwa sauti ya Kassim, kwa sauti ya karani wa ushirika. Siku moja nikiwa nafua aliniita kutoka ukumbini: "Siwema! Sukari imefika dukani kwa Mzee!" Nikacheka, nikaendelea kukamua. Na sukari ilikuwa imefika kweli. Nilipotoka, foleni ilikuwa imeshapinda kona na gunia limeshakung'utwa. Shangazi alinisema mpaka jirani wakahurumia. Nilimwendea Damiani kibarazani nimevimba. "Ulikuwa unasema kweli!" Yeye akatabasamu na vumbi lake kopeni. "Ndiyo. Na hata iwe kweli, usiitike. Sauti ya lango inajua mambo ya kweli, ndiyo maana inakamata watu. Ukianza kupima hii ya kweli, hii ya uongo, umekwisha." Nikalishika neno hilo kwa moyo wangu wote, kwa kuwa lilitoka kwake.

Ijumaa ya wiki hiyo kulikuwa na shughuli nyumbani. Bi Mwanaidi alikuwa na mwari wa kutolewa, binti wa jirani, na uani kulifungwa. Siku kama hiyo mwanamume hakanyagi uani hata nyumba iungue. Wanawake tulikuwa tumejaa kule, mwari amekalishwa kwenye mkeka, wengine wanasaga liwa, wengine wanamsinga mwili kwa hiyo liwa, na mimi nilikuwa naponda hina. Wanaume wa nyumba walikuwa wamekwenda msikitini, Shamsa ameachwa dukani kumshikia baba yake. Hapo ndipo nilipomsikia Damiani ananiita kutoka ukumbini, upande wa pili wa mlango uliofungwa. "Siwema!" Sauti yake mwenyewe, safari hii haikuigiza mtu. Wanawake wakanitazama. Nikaweka kidole mdomoni, nikatabasamu. Akaita tena, karibu zaidi, na nilisikia mkono wake umegusa ubao wa mlango. Bi Mwanaidi akaacha kusinga. "Unaitwa wewe." "Najua, Bi," nikanong'ona. Wengine walikuwa wanaujua mchezo, wakaanza kuchekea viganjani. Akaita mara ya tatu. Ile ya tatu haikuwa na mzaha ndani yake. Ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayekuambia jambo sikioni. Nikajiambia, lo, leo kajua kweli kuigiza. Nje barabarani kulikuwa na gari linapiga honi. Niliinamia hina yangu, nikaiponda kwa nguvu, na moyo umejaa fahari.

Nilipotoka ilikuwa imeshapita alasiri, viganja vyangu vyekundu. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi na ndani mmefagiwa. Nilikwenda dukani. Shamsa alikuwa anapimia mtu mafuta ya taa, na watu wamemzonga. "Damiani yuko wapi?" "Kaondoka," alisema bila kuinua macho, maana mafuta yalikuwa yanafika shingo ya chupa. "Ndugu yake kapita na lori. Ati mvua imeshaanza kule Rufiji, leo au basi." Nikauliza, "Hakusema kitu?" Akasema, "Alikuita." Watu wa foleni waligeuka kunitazama, na mimi sikuweza kuuliza lingine mbele ya macho yale. Nilimpita, nikatoka barabarani, nikasimama kwenye matope ya magurudumu. Alikuja kusema neno lake, mimi nikamnyamazia, na wanawake wakacheka asikie. Hivyo ndivyo nilivyoielewa siku ile, na sikuielewa vingine kwa miaka yote iliyofuata.

Jumapili mkeka ulitandikwa, nikasema kichwa kinaniuma. Jumapili nyingine haukutandikwa. Kumwandikia sikuweza, kwa kuwa kijiji chao cha zamani kilikuwa hakipo na hakuna aliyejua kipya kinaitwaje, na hata ningejua, ningeandika nini kwa mwanamume niliyemfanya achekwe na watu? Shamsa tulisalimiana tu. Nilidhani ananionea aibu. Kabla mwaka haujageuka alikuja mtu wa Kinondoni kuniposa, karani, mtu mwema, na nikakubali upesi, kama mtu anayefunga dirisha. Tuliishi vizuri, Mungu amrehemu, na sina neno naye. Miaka mingi baadaye nilikutana na Kassim sokoni, akanidokeza kwamba Damiani aliwahi kurudi Temeke kiangazi kilichofuata, nyumba ya wazee wake ilipokwisha, akaniulizia, akaambiwa nimeolewa, akalala usiku mmoja akarudi kwao. Nilimwambia Kassim, "Bila shaka alikuja kudai vinyago vyake." Niliondoka haraka asinione uso.

Hayo yote yalipita kichwani pale Kinyerezi, spika zinatikisa vioo, na yule binti na simu yake ameshatoka kwenda kumwona bibi harusi. Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena, maana waliobaki wa kuulizwa tunahesabika. "Shamsa," nikasema, "siku ile alikasirika sana?"

"Nani?"

"Damiani. Aliponiita nikanyamaza."

Shamsa alinishangaa. "Akasirike nini? Alicheka, bwana! Alitoka ukumbini anacheka, kitita begani. Nikamwambia, ngoja nifunge duka niingie nikamshike bega, mbona dakika moja tu. Akanikatalia. Akasema, 'Usimtoe langoni. Wiki nzima nimemfunza, leo nimharibie mwenyewe?' Nikamwambia, we mwendawazimu, unaondoka! Akasema, 'Nakwenda kujenga, si kufa. Mvua zikikatika nitarudi, nitamwambia mwenyewe.' Akapanda lori. Mpaka linakata kona bado anacheka."

"Na wewe hukuniambia."

"Ulinipita kama jiwe, Siwema. Nikasema labda mmegombana, hataki kusikia jina lake. Na baadaye ukaolewa. Ningeanza vipi?" Macho yake yalikuwa yameanza kujaa. "Kwani wewe ulidhani nini, miaka yote hii?"

Huzuni niliyokuwa nayo niliizoea; ilikuwa huzuni ya mtu aliyemuumiza mwenzake, nikailea, nikazeeka nayo. Hii nyingine ilikuwa mpya kabisa na sikuwa na nguvu za kuibeba. Aliondoka na furaha. Aliniamini kwamba nitakuwepo.

"Ningejua ameondoka anacheka," nikasema, "ningemsubiri, Shamsa. Nisingeolewa na mtu."

Hapo ndipo nilipolia. Nje vigelegele vilipanda, bwana harusi amefika, na watu wakawa wanakimbia kwenda kumlaki. Shamsa alivua mtandio wake mpya wa harusi, akanifuta nao uso, na wanja wangu ukamharibia mtandio mzima.